Mjane Asiye wa Jumuiya Yetu

Dorine, Careen, wanangu, sogeeni karibu na mzime hizo simu, maana sauti imebaki kidogo na sitarudia. Nyumba hii ya Mshangano ni yenu wawili, mahindi ya darini gawaneni bila kununiana, na kaka yenu Thadei akija na maneno ya ukoo mwambieni mama alishasema. Hayo ni mepesi. Linaloniumiza ni Asma, jirani yetu, aliyemzika mumewe jana, ambaye Jumamosi matanga yakianuliwa shemeji zake watamnyang'anya shamba, nanyi viongozi wa wanawake mnaniambia hayumo kwenye grupu lenu.

Mnatutaja kwenye semina kwamba mama zenu tulipigania wajane, mnapigiwa makofi, ila hamjui tulivyofanya wala tulipokosea. Hatukuwa na katiba wala fulana. Mwanamume akifa, sisi wa jumuiya ya kanisa tulibeba majembe siku ya pili ya maziko, tukapiga matuta na kumpandia mjane mahindi kabla ukoo haujakaa kikao, kwa sababu hapa kwetu hata mzee mkorofi anaona haya kumtoa mtu kwenye shamba lenye mbegu. Mpaka mahindi yavunwe, mjane ameshafika baraza la kata na mashahidi ishirini waliolima naye. Mashamba saba tuliyaokoa hivyo.

Kisha akafiwa Biasha, Myao wa Tunduru. Nikasema, kwa mdomo huu huu, kwamba huyo ni Mwislamu, si wa jumuiya, ana watu wake. Watu gani? Hakuwa na ndugu hata mmoja Songea. Alipita mlangoni hapa na godoro kichwani, akaniambia shikamoo dada, nami nikaitikia marahaba huku nachambua mboga. Sikumwona tena.

Wenzangu waliona. Kila mmoja akaanza kujiuliza yeye atatengwa kwa lipi: huyu hakufunga ndoa kanisani, yule anapika pombe. Wakapungua. Baba yenu Polikarp alipofariki nililima peke yangu siku mbili, nikiangalia njia. Nilijua hawaji, na bado nikaangalia. Nyumba ukoo uliniachia, shamba likaenda. Toka hapo nina watu wa kusalimiana tu, na upweke huu unauma, wanangu, kwa kuwa nimeuchimba mwenyewe, na mchimba kisima huingia mwenyewe.

Basi mvua zimeshaanza. Kesho alfajiri nendeni kwa Asma, na wasiokuwa kwenye grupu ndio muwaite kwanza, hata wapika pombe. Msimuulize anasali wapi. Ngojeni... nipumue.

Mungu awape kiuno cha kuinama, na moyo usiochagua. Na mkiletewa habari huko shambani kwamba nimekata roho, msiache tuta katikati. Malizeni kwanza. Mimi nimezoea kukaa peke yangu, nitawasubiri.