Nafasi ya Uzamivu Niliyoijibu kwa Mdomo wa Sokoni

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nimesimama na furaha nyingi na aibu kidogo. Mzipokee zote mbili.

Mnanijua. Nauza vitenge hapa Tunduma mwaka wa tisa sasa, na mteja wa kunishinda kwa maneno bado hajavuka mpaka. Wengi hamjui kwamba katikati ya vitenge hivyo nilisoma uhandisi hadi uzamili, nikaunda kikaushio cha mahindi cha kutumia jua. Kwa mama yangu, kule Iyula, mvua ikichelewa kukatika mahindi yanaota ukungu. Mengine tulitupa. Mengine, Mungu atusamehe, tulikula.

Mwaka jana nikaomba nafasi ya utafiti wa uzamivu ili nikiboreshe. Nafasi ilikuwa moja tu. Profesa, mama mmoja mpole, akanipigia simu: "Nimekuchagua wewe. Unakuja?"

Ndugu zangu, mdomo wa sokoni ni ugonjwa. Nikamjibu, "Ngoja kwanza nizunguke, nione na kwingine." Hapa kwetu mteja akisema hivyo, muuzaji humfuata hadi barabarani. Nikakaa nangoja nifuatwe, pengine niongezewe hata meza ya dirishani.

Wiki mbili, kimya. Nikapiga mwenyewe. "Dada, si ulisema unaangalia kwingine? Nimeshampa aliyekufuata."

Nilifunga duka nikaenda Iyula. Mama alinisikiliza huku anapukuchua mahindi.

"Kwani ulikuwa unaitaka?"

"Sana, mama."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Sasa yeye kosa lake nini?"

Tukapiga magoti palepale kwenye magunzi. Magunzi yanauma, lakini siku hiyo sikuomba sala ipunguzwe.

Nikamwandikia profesa bila ujanja: naitaka nafasi hii, nilijifanya siitaki, nisamehe. Nikaambatanisha vipimo vyangu vya unyevu vya misimu miwili. Kila beseni la mahindi nimelipima mara mbili, maana hata kipimo changu mwenyewe sikiamini.

Siku ya nane simu ikaita. "Yule mwenzako ameshaanza, simwondoi," akasema. "Ila umeandika hata siku ambazo kikaushio chako kilishindwa. Watu huzificha hizo. Nimevipeleka vipimo vyako kwa wakuu wangu, wamekubali niongeze mtu. Unakuja?"

Nilisema ndiyo kabla hajashusha pumzi.

Leo mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, ndugu zangu, na nasema kwa sauti, sitaki kuwa mnyenyekevu kwenye hili. Kikaushio cha pili kimesimama uani kwa mama. Majirani wakiuliza, anawaambia, "Mwanangu anasomea ukungu," na anawapanga foleni.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye ujanja wangu. Na wewe uliyekaa hapo na haja uliyoizungushia maneno miaka yote, mwambie leo kwa neno moja. Mtumaini. Anayo masikio, na hachoki kusikiliza watu wa Tunduma.