Mama Subiri, Aliyetufungulia Usiku

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Subiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa posta, akiwa kifungua mimba wa familia.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1983 akahitimu stashahada ya famasia. Mdogo wake wa kiume anakumbuka alivyolazimishwa utotoni kucheza mgonjwa: dada alimnywesha maji ya sukari kwa kijiko, na akilia kuomba cha pili, aliambiwa dozi imetosha.

Alihudumu kwenye dirisha la dawa la hospitali hadi mwaka 1995, alipofungua duka la dawa katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alifunga saa mbili usiku, lakini watu walimgongea hata baada ya hapo. Kila hodi aliitikia, "Subiri, navaa," na jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na fundi cherehani aliyefika dirishani kutafuta dawa ya kikohozi, akaendelea kuja kukohoa pale hata alipopona. Baadaye alimshonea mkewe gauni la kulalia lenye mfuko wa funguo, akilalamika kwa utani kwamba ameoa zamu ya usiku.

Mwaka 2021 daktari aligundua kwamba moyo wa Mama Subiri umetanuka, akamkataza kukatiza usingizi. Marehemu alikwenda kwenye mkutano wa wakazi, akaomba mtaa uwe na duka la dawa la usiku kucha: wenye maduka wapokezane zamu, na kuwe na taa na mlinzi. Hakusema kwamba anaumwa. Hakuwa mtu wa kulialia. Mwenyekiti alijibu, "Duka la usiku la nini, na Mama Subiri tunaye?" Ukumbi ukampigia makofi. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, "Wamenisifu mpaka nimekosa pa kusemea." Akaendelea kuamka. Inatuuma kulisema hili mbele yenu, lakini tusiposema leo hatutasema tena.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 2024, baba mmoja alimletea mtoto aliyebanwa na pumu. Marehemu alimpa mtoto dawa ya kuvuta, akakaa naye mpaka pumzi zikatulia, kisha akaegemea kiti na kufumba macho. Yule baba alidhani amesinzia. Akamwonea huruma, akarudisha mlango taratibu asimwamshe. Alfajiri mumewe alimkuta pale pale kitini, ameshakata roho. Familia haimlaumu baba huyo, naye yuko nasi hapa. Mtoto wake ni mzima, na hilo ndilo marehemu angeuliza kwanza.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake wa kiume na wajukuu watatu. Wasio na habari bado wanagonga usiku, na mumewe huamka kila mara kuwaambia hayupo. Anasema kumweleza mtu aliyebeba mgonjwa kwamba mkewe amefariki ni kama kumzika upya. Mkutano wa wakazi ni Jumamosi ijayo, na safari hii mumewe ndiye atakayesimama kuomba duka la usiku.

Apumzike kwa amani. Jamani, tumwache alale.