Fundi Baya, Ndege Zake za Mbao na Jicho Lake la Kushoto

Fundi Baya Mramba wa Magongo ameitumikia karakana yetu ya Changamwe miaka ishirini na mmoja na miezi minne. Aliingia Julai 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 1963, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili tupate uhuru wetu.

Karani Mahfudh alinipa karatasi mbili niandike wasifu wake, aje ausome yeye leo mbele yenu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye sana, nikifagia na kupika chai hapa tangu mwaka wa hamsini. Akanisihi niandike mazuri. Nitayaandika, nayo ni mengi. Lakini Baya anatoka hapa leo na jicho la kushoto lililokaribia kufa. Jumanne ijayo ndiyo siku ya mwisho ya kuliokoa, naye hataki kusikia habari ya hospitali. Basi akae kitini asikilize mpaka mwisho, wala asijifanye anatoka kuangalia kama mvua imeanza.

Kwa wageni msioijua kazi yetu, hapa twatengeneza ndege za vita za mbao. Askari anayelinda anga sharti ajue ndege ya rafiki na ya adui kabla haijamfika kichwani, na hawezi kuletewa ndege ya kweli darasani. Huletewa ya Baya. Inchi moja ya mbao ni futi sita za ndege yenyewe. Ukikosea bawa kwa unene wa uzi tu, ndege nzima inakuwa nyingine. Wako watu wa Magongo waliosema mtu mzima yuwachonga vitu vya kuchezea watoto. Hao ni watu ambao hawajui hata kunyoosha mpini wa jembe.

Baya alizaliwa Mwakirunge, akaja Changamwe kubeba mbao za kujengea kambi. Siku moja fundi wa wakati ule aliumwa na homa, na mabawa sita yalitakiwa kesho yake. Baya akachukua patasi, akachonga manne. Mawili yaliharibika, na mpaka leo hutaja yale mawili tu, hayo manne hayataji kabisa. Ndivyo alivyo. Vita vilipokwisha walipunguzwa watu wengi, yeye akabakishwa. Tangu niingie mimi hapa, mkono wake umetoa ndege zaidi ya mia tatu na arubaini, za aina kumi na saba. Najua hesabu hiyo kwa sababu nimezipangusa vumbi zote kwa unyoya wa kuku. Mimi na unyoya wangu twazijua ndege hizo kuliko walioziagiza.

Ana desturi moja iliyowachekesha wote. Akimaliza kuchonga, kabla ya kupaka rangi, hutandika mkeka uani saa sita ya mchana, akalala chali, akaishika ndege juu ya uso wake kwa mikono miwili. Kisa chake ni kwamba askari ataiona ndege kutoka chini, jua likiwa juu, basi na fundi naye aione hivyo hivyo. Kiwiliwili kikiwa kinene mno, mbingu itamwambia. Mara ngapi nimemruka na birika la chai mkononi, nikimwambia, “Baya, ondoka njiani, utaungua uso!” Naye hujibu palepale alipolala, “Pita juu, Bibi. Nitajua wewe ni aina gani.” Adabu hana, lakini ndege zake zilikuwa sawa.

Mwaka wa 1958 alitengeneza Shakletoni, ile ndege kubwa ya baharini yenye injini nne. Kila injini ina mapanga ya mbele na ya nyuma yanayozunguka kinyume, na Baya aliyachonga yote yakazunguka. Kioo cha rubani kilimshinda wiki tatu. Mwisho akachukua kipande cha plastiki angavu kama kioo, akakipasha moto nyumbani kwenye kikaango cha mkewe Dorcas ili kilainike. Nyumba ikajaa moshi, chapati za watoto zikanuka kama mpira ulioungua. Dorcas akamtoa nje pamoja na kikaango, na jirani wote walimsikia: “Nenda ukampikie huyo rubani wako huko huko kazini!” Kioo kilitoka kizuri. Kikaango kiko hapa mpaka leo, twakorogea gundi.

Ndege ile ilipokwisha, Mkaguzi, yaani yule Bwana anayezipitisha kazi zetu kwa rula na darubini ndogo ya mkononi, aliona alama nyeusi ya mafuta nyuma ya injini. Akatoa leso yake nyeupe akasugua. Haikutoka. Akaitia mate, akasugua tena. Ilikuwa rangi. Baya alikuwa ameipaka kwa unywele mmoja wa brashi, kwa sababu ndege ya kweli huvuja mafuta pale pale. Nilikuwa na sinia ya chai mkononi siku hiyo, na wallahi niliimwaga kwa kucheka.

Hayo ndiyo mazuri, na sasa nafika nilikotaka.

Mwaka jana, mwezi wa saba hivi, Baya aliacha kulala uani saa sita. Akawa analala asubuhi, jua halijakaza. Nilimuuliza, akasema joto limezidi. Joto la Changamwe limezidi tangu enzi za Nuhu. Kisha akaanza kumimina chai kwenye kisahani badala ya kikombe, akadai yuwaipoza. Kisha nikaona kila akifika mlangoni hupapasa kizingiti kwa mguu kama mgeni. Niliyaona yote hayo nikanyamaza, nikijiambia ni uzee, na uzee mimi naujua, ninao mwenyewe.

Ikafika Februari mwaka huu. Ilitakiwa Shakletoni nyingine, ya kuwekwa kwenye chumba cha wageni wakubwa, na Mkaguzi alikuwa anaijia asubuhi ya pili yake. Jioni, watu wote wamekwisha kuondoka, nikaenda kuipangusa. Nyinyi nyote mwaijua ile alama ya duara ubavuni mwa ndege za Waingereza: nje buluu, kati nyeupe, ndani nyekundu. Duara la nje Baya alikuwa amelipaka nyeusi. Nyeusi ti, kama sufuria. Ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, na juu ya mabawa.

Alikuwa bado yupo, yuwaosha brashi. Nikafunga mlango.

“Baya, hapa umepaka rangi gani?”

“Buluu, Bibi. Kwani wewe huoni?”

“Mimi naona. Nakuuliza wewe.”

Akaichukua ndege, akaisogeza dirishani, akaileta puani. Akaigeuza. Mtu aliyejua alama ya mafuta iliko kwa unywele mmoja, akasimama pale na ndege yake mkononi asijue. Kisha akaniuliza polepole, “Ni ipi, Bibi? Niambie ni ipi.”

Nikamwambia ni nyeusi. Akakaa chini sakafuni.

Mikebe yake haikuwa na majina. Hakuna siku aliyoyahitaji, rangi aliijua kwa kuitazama tu. Nikatoa uzi wa katani, nikaufunga shingoni mwa kila mkebe: fundo moja buluu, mafundo mawili nyeusi, matatu nyekundu. Akaikwangua ile nyeusi kwa wembe, akapaka upya. Mkono wake ulikuwa haujaharibika hata kidogo. Duara alikuwa amelichora kwa bikari, na ncha ya bikari huacha mfuo mwembamba kwenye mbao. Aliufuata ule mfuo kwa ukucha, brashi ikaja nyuma ya ukucha, na rangi haikutoka nje hata mahali pamoja. Mkaguzi akaja saa tatu ya asubuhi, akaizungusha ndege, akasema vizuri sana, akaenda zake.

Nilifurahi. Nalisema hilo nikiona haya. Nilijiona hodari kumshinda Mkaguzi na darubini yake.

Tangu siku hiyo mpaka juzi, miezi tisa, nimekuwa nikifunga mafundo. Kila mkebe mpya ulipokuja, mimi na uzi wangu. Habari ya mafundo hakuna aliyeijua hapa, si Karani wala Bwana Mkubwa wa karakana, nao ndio kwanza wanasikia leo. Tuliogopa wakijua watamwondoa kabla miaka yake haijatimia. Wakitaka kukasirika, na wanikasirikie mimi, niko hapa mlangoni na birika.

Mwezi wa Aprili nilimburuta kwa daktari wa macho. Daktari akammulika, akasema ni mtoto wa jicho, yumo kwenye macho yote mawili, na la kushoto limekwisha kuiva. Hupasuliwa, mtu akaona tena kwa miwani. Lakini akatuonya kwamba likiachwa likaiva kupita kiasi huvimba ndani, jicho likauma na kuwa jekundu, na hapo likifa halirudi. Akatupangia siku ya kupasuliwa. Baya akanishukuru vizuri tukiwa njiani, na siku ilipofika akasema kazi ni nyingi. Agosti akapewa siku nyingine, akasema yuwaenda Mwakirunge kuvuna mahindi. Dorcas akaniambia mahindi waliyamaliza Julai. Oktoba akasema ngoja kwanza tupate uhuru, kana kwamba uhuru ndio utakaoshika kisu.

Nilimkabili hapa jikoni, Dorcas akiwapo. Baya akajaribu mzaha: “Hata samaki, Bibi, hutolewa jicho akishakufa.” Dorcas hakucheka. Akamwambia, “Jana umemsalimia mwanao ukidhani ni mgeni.” Ndipo akasema ukweli. Ami yake kule Mwakirunge alichomwa jicho kwa sindano na mganga ili utando uanguke. Ukaanguka, na jicho likaoza. Baya alikuwa ndiye anayemshika ami yake kichwa asitikisike. Mtu aliyeshika kichwa kile haogopi bure, na mimi sikumcheka. Lakini daktari si yule mganga, na hofu ya sindano ya zamani haimzuii mtoto wa jicho kukua usiku na mchana.

Sasa sikilizeni jambo linalonikosesha usingizi. Daktari huyo anaondoka kwa meli wiki ijayo, kwao, na atakayeshika nafasi yake hajulikani ni nani wala atakuja lini. Jumanne ndiyo siku yake ya mwisho ya kupasua. Karani Mahfudh, niliyemwambia habari ya jicho peke yake, amepiga simu mwenyewe Alhamisi, na kitanda kimewekwa kwa jina la Baya Mramba mpaka Jumatatu saa kumi. Baada ya saa kumi apewa mwingine. Na tangu Jumatano jicho la kushoto lina wekundu. Baya anasema ni vumbi la msasa. Ameshika msasa miaka ishirini na mmoja na jicho halikupata kuwa jekundu.

Baya, sasa nasema nawe. Kila fundo nililofunga nilidhani nakusaidia. Kumbe kila fundo lilikuwa siku moja ya kukukawiza. Kama ningesema mwezi wa Februari, wangekutoa kazini, sawa, lakini wangekupeleka hospitali kwa nguvu, na leo ungekuwa waniona sura unapocheka. Nilikulindia kazi nikakuharibia jicho. Likifa, nusu ya lawama ni yangu, nami sitaki kwenda nayo kaburini. Nina umri wa kutosha, mizigo yangu yanitosha.

Ndugu zangu wa karakana, mwalimu wetu huyu ametufunza kwamba kazi ikikosewa hukwanguliwa ikapakwa upya, bila kununa. Tumemnunulia saa ya ukutani na kiti cha kuegemea. Twamshukuru kwa uvumilivu wake, kwa mafunzo aliyowapa mafundi wanane walioko hapa, na kwa kutoiba hata msumari. Dorcas naye twamshukuru kwa kikaango. Nguo za Baya keshazifunga, na gari la karakana litakuwa mlangoni kwao Magongo Jumatatu saa mbili ya asubuhi, mimi nikiwa ndani yake.

Karani Mahfudh, ukifika hapa nyamaza. Usisome mbele. Kila mtu amtazame Baya, na usiguswe wali wala soda mpaka asimame aseme mbele ya mkewe kwamba Jumatatu ataingia garini.

Kama amesema, mpigieni makofi, kisha msome hivi: Baya, nenda salama, ulale kitandani ulivyokuwa ukilala uani, chali na bila kutikisika, na Mwenyezi Mungu akurudishie nuru, akupe pumziko jema na wajukuu wasumbufu.

Kama bado hajasema, Karani, kunywa maji kidogo, kisha uanze tena kusoma mwanzo.

Mwanasaumu binti Bakari,
jikoni, Changamwe