Leland Haugstad, Aliyeipoza Bunduki ya Baba Yake

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kumsindikiza Leland Haugstad, tulieni kidogo msikie alivyoishi. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 shambani, nje kidogo ya Denton, Montana, mtoto wa tatu wa Nels na Inga Haugstad, kwenye theluji iliyomchelewesha mkunga siku nzima. Alimaliza sekondari mwaka 1961. Hesabu alizipenda, insha alizikimbia.

Kuanzia 1963 hadi 2008 alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano. Tarehe 18 Juni 1966 alimwoa Ardis Kolstad, wakajaliwa binti mmoja, Marit. Ndoa nusura iingie doa mwaka wa kwanza tu, Leland alipoyeyushia madini ya risasi kwenye sufuria ya jemu waliyoazimwa na dada yake Borghild. "Wewe bwana, chagua: jiko langu au hizo takataka zako!" Ardis alimwambia. Leland akachagua banda la nyuma, na sufuria akaenda nayo. Huko alijitengenezea risasi kwa zaidi ya miaka hamsini. Ardis alitutoka mwaka 2015.

Sasa, kama kuna kitu kilichomkosesha Leland raha, ni bunduki aliyoachiwa na Nels: nzito, mtutu wake unameza kidole, na ikifyatuliwa, teke lake begani si la mchezo! Marit aliipenda tangu utotoni. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa bega, daktari akamwambia bunduki hiyo aisahau. Marit alilia. Leland akapiga meza: "Aisahau? Thubutu! Nitaipoza mpaka iwe mpole kama paka."

Akaanza kupunguza baruti kwenye risasi, ili teke lipungue. Akapunguza, akapunguza tena, huruma ikamzidi ujuzi. Tarehe 11 Juni 2022, kwenye mashindano ya klabu ya shabaha, Marit alifyatua, ikatoka "pfff" tu. Alikuwa ameshapakia nyingine, kidole kimeshafika kwenye kifyatulio, Leland alipopiga kelele hadi uwanja mzima ukageuka: "Marit! Acha! Usiguse!" Wakachungulia: risasi ya kwanza ilikuwa imekwama katikati ya mtutu. Angefyatua ya pili, bunduki ingempasukia usoni. Leland akakaa chini kwenye nyasi, akasema mbele ya watu wote, "Kosa ni langu. Baruti niliipunguza mno." Marit akaapa hataishika tena.

Mwaka 2023 moyo wa Leland ulianza kuchoka, na mikono ikawa inatetemeka. Hakuiamini tena kwenye mizani ya kupimia baruti. Akamwita binti yake bandani: "Njoo upime wewe, mimi nimulike." Marit alisita mlangoni, kisha akaingia. Safari hii walianza na kipimo cha kuaminika wakawa wanashuka pole pole. Kila ganda la risasi walilimulika kwa tochi, baruti isije ikamiminwa mara mbili. Kwenye majaribio sheria ilikuwa moja: mlio mmoja, tundu moja kwenye karatasi ya shabaha. Tundu lisipoonekana, hakuna kufyatua tena mpaka mtutu uchunguliwe.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, siku ya mashindano, Leland alikuwa amelazwa hospitalini. Marit akampigia simu kutoka uwanjani, akaiweka mezani kando yake. Shabaha ilikuwa kuku wa chuma, mita mia mbili.

"Baba, upo?"

"Nipo, nipo! Piga!"

Mlio ukaja, wala haukuwa mkubwa. Kimya. Leland akajiinua kwenye mto. Mara, ting! Kuku chini!

"Bahati tu hiyo! Rudia!" akafoka, macho yanang'aa. Ting! Tena, ting! Tano kwa tano! Muuguzi akaingia mbio. "Mzee, vipi, kifua?"

"Kifua cha nini, dada? Msikilize mwanangu huyo!" Kisha akainamia simu, akauliza la moyoni: "Na bega je?"

"Haliumi, baba. Haliumi hata kidogo."

Jamani, Leland alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, Marit akiwa amemshika mkono. Ameacha binti yake Marit, mkwe wake Curtis, wajukuu wawili, Signe na Anders, na dada yake Borghild, ambaye mpaka leo anaidai ile sufuria.

Lala kwa amani, Leland. Mizani anaishika Marit, na mkono wake umetulia.