Profesa Dorcas Pelletier na Saa Moja Kinamasini

Profesa Dorcas Pelletier anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha ushairi katika chuo chetu hapa Maine kwa miaka thelathini na saba. Alifika na koti moja la baridi na masanduku sita ya vitabu. Koti bado analo.

Somo lake ni washairi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Nieleze kidogo, kwa ajili ya wenzetu wa maabara. Washairi wale hawakwenda porini kutazama miti tu. Walikwenda kujiuliza mtu ni nani pale ambapo hakuna anayemjua. Wapo waliojiona wapana kama mbuga, wapo waliojiona wadogo kuliko nyuki, na Dorcas aliwapenda wote. Kila Oktoba humtuma kila mwanafunzi, peke yake, kwenye kinamasi nyuma ya maktaba. Hukaa saa moja, kisha huandika ukurasa mmoja.

Mwaka 2009 somo lilibaki na wanafunzi saba. Mkuu mpya wa kitivo, Everett Lindqvist, mtu wa mjini, alitaka kulifuta. Dorcas hakubishana. Alimwomba akakae saa yake kama wengine, ndipo aamue.

Everett alirudi na shada la majani mekundu ya kupamba meza yake. Ulikuwa mmea wa sumu. Kesho yake mikono ilikuwa imevimba na kujaa malengelenge.

"Profesa, hukuniambia majani yako yanaunguza," alilalamika mbele yetu sote, kwenye chumba cha kahawa.

"Watoto wa hapa huyajua kabla hawajajua kusoma," Dorcas alimjibu. "Wewe mwenzangu umesoma mpaka wapi?"

Tulicheka kwa wasiwasi, maana tuliona somo limekwisha. Wiki moja baadaye, vidole vikiwa bado na bandeji, Everett alileta ukurasa wake. Ulimalizika hivi: "Kwa saa nzima sikuwa mkuu wa chochote. Mmea haukujali cheo changu, na mimi nilikisahau. Somo liendelee."

Liliendelea. Tangu hapo wamelisoma vijana karibu mia tatu, na Septemba litashikwa na mmoja wao, Tobias Rourke.

Asante, Dorcas. Tunakuombea afya njema, siku ndefu nyumbani kwa dada yako kule Bangor, na mashairi mengi ya kusoma bila kumtungia mtu mtihani.