Magauni Yaliyotangulia Mahafali

Amepita! Binti yangu amepita! Ametetea tasnifu yake asubuhi hii, watahini wamesimama wakampa mkono, na simu aliyonipigia hii hapa, bado ina joto!

Haya. Sasa naweza kusalimia kama mtu mwenye adabu.

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, ambaye leo umevua koti jeupe nasi tukagundua kwamba ndani yake kuna mtu. Ndugu Afisa Utumishi. Matroni, mama wa wodi zote. Wauguzi, wapishi, walinzi na madereva. Madobi wenzangu wa chumba cha kufulia, ninaowaona mmekaa viti vya mbele bila kukaribishwa na mtu. Ndugu zangu, majirani zangu, na wewe kaka yangu uliyejificha nyuma ya spika ukidhani sikuoni: nawasalimu wote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa leo.

Najua mmekuja kuniaga mimi, Dobi Mkuu anayestaafu. Hotuba hii nimeiandika mwenyewe, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa za mashuka. Simu imezivuruga, kwa hiyo ya mashuka nayasema kwa mkupuo: hakuna mgonjwa aliyewahi kulazwa kwenye shuka bichi wakati wangu, ile mashine ya kukaushia tunayoiita Bibi Harusi, kwa kuwa haianzi kazi mpaka ibembelezwe, nimewafundisha wote kuibembeleza, na huyu anayerithi kiti changu ni mchapakazi, ila apunguze kuimba. Basi. Mashuka yamekwisha. Tuongee juu ya mwanangu.

Kuna mtu humu ambaye sijamsimulia habari za binti yangu? Anyooshe mkono. Nilijua. Ni wewe peke yako, Mheshimiwa, kwa sababu umehamia juzi. Basi naanza mwanzo kwa ajili yako, na hao wengine wavumilie, wamezoea.

Binti yangu amesomea mchwa. Usicheke, Mheshimiwa. Wewe unaitwa daktari na yeye anaitwa daktari, lakini wewe ukiona mchwa nyumbani kwako unatafuta dawa. Yeye anatafuta kigoda, anakaa, anafungua daftari. Alitaka kujua kichuguu kinapumuaje. Ndiyo, kinapumua! Ndani mle kuna mchwa wengi kuliko wagonjwa wa hospitali zote mnazozijua, hakuna dirisha, hakuna feni, na hakuna anayekosa hewa. Sisi kule kwenye mvuke wa pasi tuna madirisha manne na bado tunazimia. Sasa nani kati yetu alikuwa amewahi kujiuliza jambo hilo? Mimi sikuwahi. Yeye alijiuliza, akaenda kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo, akavitoboa vichuguu vitundu vidogo, akapenyeza vipimajoto, na kwa miaka yote hiyo alirudi nyumbani na magoti mekundu kama aliyetoka kusali kwenye matope. Wenzake chuoni wakamwita Malkia wa Mchwa. Mimi je, nani ataniita mama wa malkia kama sijiiti mwenyewe?

Basi siku moja akarudi, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mama, nimemaliza kupima. Imebaki kuandika tu."

Nawauliza ninyi wenye watoto: mama akishasikia hiyo "tu", anafanya nini? Mimi nilikwenda kwa Fundi. Nilichagua kitambaa cha zambarau, kola nyeupe, nikaagiza magauni ya mahafali ya shangazi yake, ya majirani, ya zamu nzima ya asubuhi ya madobi, na la Fundi mwenyewe. Fundi yupo pale, simama Fundi wakuone mishono. Yakashonwa, yakapigwa pasi na watu wanaoijua pasi, yakatundikwa.

Mahafali ya mwaka ule yakapita. Ya mwaka uliofuata yakapita. Magauni yakachoka kutundikwa, na wenyewe wakaanza kuyavaa. Mmoja akalivaa kwenye mkutano wa shule. Mwingine akalivaa kwenda kupiga picha ya kitambulisho. Siku moja binti yangu alitumwa nyanya, akamkuta mama muuza mboga, jirani yetu, amesimama gengeni ndani ya gauni la mahafali, anapima mchicha. "Karibu, Daktari!" akamwambia. Mwanangu alirudi nyumbani bila nyanya.

Wapo wanaosema niliharakisha. Wengine wamo humu ndani na mmoja ameshika soda yangu. Nasema hapa mbele ya Mganga Mkuu: sikuharakisha. Mtoto ndiye aliyechelewa.

Lakini mwaka huu mambo yalibadilika rangi. Chuo kilimwambia kwamba asipowasilisha tasnifu kabla ya muhula kwisha, jina lake linafutwa, na vichuguu, na magoti, na miaka yote ile, basi tena. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Nikaona hapa sasa pana kazi ya mama. Kesho yake nikapitia chuoni na sare yangu ya udobi, nikauliza ofisi ya msimamizi wake, nikaingia.

Ni mtu mpole, ana miwani midogo kuliko macho yake. "Mama," akaniambia, "kazi yake ni nzuri sana. Inakosa sura ya mwisho tu, na kila nikiiomba, anarudi uwanjani."

"Kufanya nini?"

"Kupima."

"Si alishapima?"

"Alishapima."

"Sasa anapima nini?"

Akavua miwani, akaifuta. "Kuna kichuguu kimoja kimemkorofisha. Mengine mwulize mwenyewe, mimi nimeshindwa."

Niliporudi sikumwuliza. Nilipita nyumba kwa nyumba. Na Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe, bila sherehe, bila mwaliko, wanawake wote wa zambarau waliingia sebuleni kwangu wamevaa kamili, mikoba mkononi, wakakaa kimya kama wanaosubiri majina yasomwe. Binti yangu akafungua mlango wa chumba chake, nywele zimesimama, kalamu sikioni.

"Kuna nini? Kuna msiba?"

"Msiba wa nani? Tumekuja kwenye mahafali," akasema shangazi yake.

"Mahafali gani, shangazi?"

"Yako. Wewe endelea na kazi zako, mama, sisi tunasubiri."

Akanigeukia. "Mama, ndiyo nini hiki?"

"Wageni wako hao," nikamwambia. "Mimi nimepika chai tu."

Nikajua ama analia ama anatufukuza. Hakufanya hata kimoja. Alikaa kwenye mkono wa kochi. Wakati huo Fundi alikuwa ameshapiga magoti na pini mdomoni, maana gauni la shangazi lilikuwa limegoma kufunga. Shangazi huyo, mnamjua, hawezi kusimama bila kuuliza maswali.

"Hebu tuambie na sisi. Hivyo vichuguu vinapumuaje?"

Akaeleza, na mikono yake ikaeleza pamoja naye. Mchana hewa inazunguka hivi, usiku inageuka inazunguka hivi. Uso wake ukaanza kuchangamka.

"Na vyote ndivyo vinavyofanya?"

"Vyote, isipokuwa kimoja. Chenyewe mchana kinafanya ya usiku, na usiku kinafanya ya mchana. Nimekipima nimekipima, shangazi. Nikikiweka kwenye tasnifu kinaniharibia kila kitu. Nikikitoa, nitakuwa mwongo. Na muhula unakwisha."

Vikombe vikawekwa chini. Hata Fundi akatoa pini mdomoni.

"Kinalala mchana, kinazurura usiku?" akasema shangazi. "Kila familia ina wa hivyo. Sisi tuna mjomba wako."

Kaka yangu, usininunie huko nyuma ya spika, kila mtu anajua.

Binti yangu akauliza, kwa dhati kabisa, kama anayehoji shahidi, "Na mjomba kwa nini yuko vile?"

"Nani anajua!" shangazi akajibu. "Tangu mdogo. Lakini kwenye picha ya familia si yumo?"

Mwanangu alicheka, jamani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Miezi mingapi sikuwa nimesikia kicheko kile ndani ya nyumba yangu! Kisha Fundi na shangazi wakaanza kubishana kama gauni ndilo lililosinyaa au mtu ndiye aliyenenepa, kila jirani akachagua upande, na katikati ya makelele hayo binti yangu akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukadhani tumemfukuza. Chai ikanywewa, ikapikwa nyingine, nayo ikapoa, ndipo akatoka.

"Nimekiweka," akasema.

"Na umesema kwa nini kinafanya hivyo?" nikauliza.

"Nimeandika kwamba sijui."

Tasnifu iliwasilishwa kabla ya muhula kwisha, imejalidiwa, nami niliishika kwa mikono hii miwili, na ninawahakikishia kwamba ni nzito kuliko shuka la maji.

Sasa sikilizeni ya leo. Mtahini mmoja aliyetoka chuo kingine, mtu ambaye inasemekana hacheki, alifungua ukurasa wa kile kichuguu kikaidi, akamwuliza kwa nini kinafanya vile. Binti yangu akamtazama usoni. "Sijui," akasema. Kisha akamweleza kila alichojaribu ili ajue, hatua kwa hatua, mpaka yule mtu akafunga kitabu na kusema kwamba hiyo ndiyo sura aliyoiamini kuliko zote.

Mheshimiwa, mimi niliishia darasa la saba, na neno nililolisema darasani kuliko yote ni hilohilo, sijui. Sikupewa udaktari, nilipewa kusimama nje. Lakini yangu ilikuwa sijui ya mtu ambaye hakusoma. Yake ni sijui ya mtu aliyepiga magoti mpaka suruali zikatoboka. Hizo ni sijui mbili tofauti, na leo yake imevishwa joho.

Kwenye simu aliongeza jambo moja. "Mama," akasema, "usitangaze kwanza. Wametaka marekebisho madogo. Nikiyamaliza ndipo tuwaambie watu." Nikamjibu, sawa mwanangu, sitamwambia mtu yeyote. Na kweli, simwambii mtu yeyote. Nawaambia wote.

Hayo marekebisho nimeyauliza: ni koma hapa, tarakimu pale. Kwetu sisi madobi hiyo ni kola tu, vazi lenyewe limeshanyooka. Hivi sasa yuko njiani anakuja. Akiingia, mjifanye hamjui kitu. Wewe Fundi hasa, usilie.

Nakushukuru Mheshimiwa Mganga Mkuu kwa kuja kumuaga dobi. Nakushukuru Matroni kwa ruhusa zote za kwenda "kumuona mgonjwa", kumbe nakwenda kumpelekea mtoto chakula uwanjani. Nawashukuru madobi wenzangu, mikono yenu naijua kuliko sura zenu. Mmeniazima masikio yenu, nawarudishia yakiwa safi, na kwa hilo asanteni sana. Keki isiguswe mpaka mwanangu afike.

Na wenye magauni ya zambarau, kuanzia kesho myapeleke kwa Fundi: aliyenenepa aachiliwe mshono, aliyekonda apunguziwe, na mama muuza mboga alifue la kwake, lina mchicha. Kaka yangu, wewe utashonewa shati la kitambaa hichohicho, na utasimama katikati ya picha. Maana safari hii sisogezi siku na wala simsikilizi mtu: mahafali ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, ukumbi mkubwa wa chuo.