Kidonge Kisichopenda Maji

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, na mguu wake mmoja nimeuinua kwa soli ya buti. Mimi nashona, wenzangu wanakunywa kahawa na kunifukuzia wateja, na wakihama nitaumwa. Kuna Breki, dereva mstaafu, anayepima kila kitu kwa injini. Kuna Karatasi, aliyekuwa karani, asiyeweza kuona maandishi akayaacha. Na kuna Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyekuja asubuhi hiyo na pakiti mbili za dawa na uso umemshuka. Mama yake alikuwa amegoma kunywa dawa mpya tangu juzi, na mguu ulikuwa unavimba tena.

— Cha zamani hiki, kinene kama kifungo cha koti, akasema Sindano. Kipya hiki, kama kifungo cha shati la mtoto. Mama anasema daktari kampunja. Nipeni maneno ya kumwambia, yangu yameisha.

Karatasi alishavaa miwani, ile karatasi ya ndani ya pakiti ameikunjua magotini.

— Dawa ni ile ile. Ila haiyeyuki kirahisi kwenye maji.

— Na tumboni kuna nini kama si maji? akauliza Breki.

— Ndiyo maana cha zamani kilikuwa kinene. Nyingi ilikuwa inapita tu, inatoka ilivyoingia. Sasa kiwandani wameisaga laini kuliko unga, wakaichanganya na kitu kinachopenda maji, ndipo wakaikandamiza ikawa kidonge. Kidogo kinatosha.

— Hilo nilimwambia, akasema Sindano. Akaniuliza kama nilikuwepo wakisaga.

— Basi tupime! akasema Breki.

Hapa kijiweni kitu hakiaminiki mpaka kiingie kwenye glasi. Tumeshapima asali, tumeshapima gundi yangu, hata jino la dhahabu la Karatasi tulilizamisha, tukabishana mpaka jioni. Breki akatumbukiza kidonge kimoja cha zamani kwenye maji. Kikamumunyuka, lakini unga wake ukatua chini, ukakaa. Akaukoroga kwa msumari wangu. Ukazunguka, ukarudi kukaa.

— Mmeona? Hiyo ni dizeli ndani ya maji. Mgonjwa apitishwe kwenye barabara ya mashimo, ichanganyike.

— Mama yangu na mguu ule?

— Gia ya kwanza, polepole.

— Si mashimo, akasema Karatasi. Ni sabuni. Kisichopenda maji hushikwa na sabuni. Kipande kidogo tu...

— Karatasi, huyo ni mama, si sufuria! akasema Sindano.

Nikaona nami nichangie. Nikawaambia ngozi ngumu hailainiki kwa maji baridi, kwa hiyo mama alale na chupa ya maji ya moto tumboni. Kwa muda mfupi nilijiona msomi.

— Chupa ya nini? akasema Breki. Akae mzima kwenye pipa la maji ya moto, dawa ikose pa kujificha!

— Subirini, kuna huku chini, akasema Karatasi. "Kimezwe mchana pamoja na mlo wa kushiba. Mafuta ya chakula huisaidia dawa kuingia mwilini."

— Hayo wanayaandika kwenye kila dawa, akasema Breki. Ruka. Lete hicho kipya tukitie kwenye glasi.

Breki alikuwa amekishika juu ya maji tuliposikia nyuma yetu:

— Hicho changu unakipeleka wapi?

Ni mama yake Sindano, na fimbo yake, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Tukainuka wote kwa pamoja, benchi likapinduka.

— Shikamoo mama!

— Marahaba. Kirudishe.

Breki akakirudisha mbio. Sindano akamkalisha mama yake kwenye kiti changu, akaanza:

— Mama, ndiyo nilikuwa nakutafutia maelezo. Hiki kimesagwa laini...

— Kimesagwa, nimesikia. Sina ugomvi na udogo wake, mwanangu. Nilisema hivyo uache kunisumbua. Daktari alisema nikimeze na chakula cha kushiba, mchana. Haya niambieni nyie mnaojua mambo ya tumbo: nipike, nile na nani?

Karatasi akaigeuza karatasi yake upande wa pili, akaikunja. Breki akaangalia viatu vyake. Sindano alifumba macho, maana tangu baba yake azikwe, mchana wote yuko hapa na sisi. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu, kwa kuwa benchi ni langu.

Sindano akaenda akafunga duka lake. Aliporudi akampa mama yake mkono.

— Twende, mama.

— Na hawa mbona wamesimama tu? Au wao hawali?

Tukaenda wote, kahawa tukaiacha ipoe. Mama alikaangiza mboga kwa mafuta mengi, tukala mpaka tukafungua mikanda. Kidonge alikimeza katikati ya sahani, Breki akiwa anaeleza habari ya injini, na mwanawe alikuwa akimwongezea mchuzi.